Mshairi Aliyegeuka Uwanja: Kuisoma Timu ya Daraja la Chini Arusha

Nikiwa kidato cha tano nilikariri jina la Sheikh Kaluta Amri Abeid kwa ajili ya mtihani. Mada ilikuwa mgogoro wa ushairi, ile ambayo kila aliyesoma Kiswahili ngazi ile anaijua: upande huu wanamapokeo na vina vyao, upande ule wanausasa na mistari yao huru. Nikaandika "Amri Abeid, 1954", nikaeleza mizani, nikapata alama zangu. Na miaka yote hiyo, nikitoka nyumbani Lemara kwenda mjini, nilikuwa nauona uwanja wa mpira wenye jina hilohilo. Sikuwahi kuunganisha. Kwangu mmoja alikuwa mwandishi wa kwenye mtihani, mwingine alikuwa mahali pa kuangalia mpira, kusikiliza mikutano ya siasa na kupangiana miadi: "Tukutane Sheikh Amri saa kumi."

Tangu nilipogundua, nimekuwa nikiuliza watu. Machalii wa mtaani kwetu, wanaoijua Arsenal mpaka wachezaji wa benchi, wananiambia Sheikh Amri alikuwa tajiri aliyejenga uwanja. Mmoja aliapa kwamba alikuwa winga wa zamani. Nikigeukia marafiki zangu wa fasihi, wale wenye diwani tatu kitandani, wanamjua vizuri kabisa, lakini wengi hawajawahi kuingia uwanjani pale siku AFC inacheza. Basi makala hii ni ya pande zote mbili, ingawa najua wasomaji wa hapa ni wa upande wa vitabu. Nina neno moja tu la kusema: timu ndogo ya mpira ina fasihi yake, tena nyingi, na sisi tunaojiita wapenzi wa fasihi tunaiacha ipotee kwa sababu tumeshaamua kwamba haihesabiki.

Tuanze na mwenye jina. Sheikh Amri alizaliwa Ujiji mwaka 1924. Mwaka 1954 kikatoka kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri: kwanza kanuni, kisha mashairi yake mwenyewe. Mwaka 1960 akawa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, na baada ya Uhuru Mwalimu Nyerere akampa wizara ya sheria. Alifariki 1964, akiwa na miaka 40 tu. Jina lake likabaki sehemu mbili, kwenye silabasi na kwenye uwanja wa Arusha.

Tunaposoma kitabu chake shuleni tunashika hesabu: mizani nane na nane, vina vya kati na vya mwisho, beti zenye mishororo minne. Tunachosahau ni kwa nini alizitaka hesabu hizo. Kwake shairi na wimbo havikuwa vitu viwili. Shairi lilikuwa jambo la mdomo na sikio, la watu waliokaa pamoja, mmoja akitoa na wengine wakipokea. Mizani ilikuwepo ili sauti iende pamoja. Ukiliangalia hivyo, jina lake kuwekwa kwenye uwanja wa mpira si ajabu sana. Uwanjani ndipo mahali pachache ambapo watu wazima wa mjini bado wanaimba kwa pamoja bila kuona aibu.

Baadaye wakaja akina Euphrase Kezilahabi, na Kichomi chake cha mwaka 1974, na ubishi ukawaka. Ukiondoa kelele zote, ubishi ule ulikuwa juu ya swali moja: nani anaamua kipi kihesabiwe kuwa shairi? Shika swali hilo mkononi, tutalihitaji mbele.

Sasa timu. Arusha ina timu, msidanganywe. Kuna AFC, timu yenye jina la mji, ambayo iliwahi kucheza Ligi Kuu ikashuka. Kuna JKT Oljoro, iliyopanda Ligi Kuu msimu wa 2011/12, ikakaa misimu mitatu, ikashuka 2014 pamoja na Ashanti United na Rhino Rangers. Kuna Mbuni, timu ya wanajeshi. Jina hilo peke yake lingetosha makala nzima. Mbuni ni ndege mkubwa asiyeruka, ni mti wa kahawa unaoota kwenye miteremko ya Meru, na ni mtu anayebuni. Sijui timu nyingine Tanzania yenye jina lenye maana tatu, zote zikiihusu: ndege ambaye hajapaa, zao la nyumbani, na kazi ya kubuni namna ya kuishi bila fedha nyingi.

Oljoro iliposhuka, kwa misimu zaidi ya kumi iliyofuata jiji hili halikuwa na timu yake Ligi Kuu. Jiji la watalii, la mikutano ya kimataifa, la Azimio la 1967. Halafu tunasema watu wa Arusha hawapendi mpira. Si kweli. Tarehe 2 Julai 2022 fainali ya Kombe la Shirikisho ilichezwa palepale Sheikh Amri Abeid, Yanga na Coastal Union ya Tanga. Mechi iliisha 3-3. Abdul Suleiman "Sopu" aliifungia Coastal mabao yote matatu, halafu Yanga wakachukua kombe kwa penati. Hebu fikiria: mtu anafunga matatu kwenye fainali na anarudi nyumbani bila kikombe. Ukiniletea hadithi fupi yenye mwisho huo nitakwambia umezidisha chumvi. Na msimu wa 2024/25 Coastal haohao walihamia kwa muda kuchezea Arusha mechi za nyumbani, kwa hiyo vigogo wakaja, na watu wakaja kuwaangalia vigogo.

Uwanja wetu, basi, unajaa kwa ajili ya wageni. Wenyeji wakicheza, unachagua pa kukaa.

Nimekaa hapo siku kama hizo, na nataka kueleza kinachosikika, kwa sababu ndicho kilichonifanya nianze kuandika. Kwenye mechi kubwa husikii kitu ila ngoma na vuvuzela. Kwenye mechi ya daraja la chini unasikia kila neno. Unamsikia kipa akimpanga beki wake: "Geuka, geuka, mtu nyuma yako!" Unamsikia kocha anabadilisha lugha kutokana na anayemsema: huyu kwa Kiswahili cha heshima, yule kwa Kichuga, kijana fulani kwa utani wa kabila lake. Unasikia mpira unavyogonga nguzo, mlio mkavu, na baada yake mzee jukwaani anaguna kama aliyechomwa mwiba. Anakuja mama na ndoo ya karanga, anajua nani anamdai na nani anadaiwa. Mashabiki wako thelathini, na wote wana maoni. Hadhira hii haikai kimya hata kidogo. Fanani yuko chini na hadhira iko juu, lakini wanajibizana. Beki akikosea, anaangalia jukwaani kwanza, kisha ndiyo anamwangalia kocha.

Haya yote yanapita, refa anapuliza, watu wanakwenda nyumbani, na kesho yake gazetini kuna mstari mmoja. Jina la timu, jina la timu, namba mbili katikati.

Hapo ndipo uhakiki wangu unapoanza, na nauelekeza kwa lugha tunayoitumia.

Waandishi na watangazaji wa mpira wa Kiswahili ni mafundi. Sisemi kwa kejeli. Waliokua na Redio Tanzania Dar es Salaam wanakumbuka sauti kama za Ahmed Jongo na Charles Hilary, namna walivyoweza kukuonyesha kona ikipigwa wakati wewe uko jikoni umeshika redio ya betri mbili. Kiswahili cha mpira kiliundwa na watu hao kutoka kwenye akiba ya lugha yenyewe: kandanda, kabumbu, dimba, kuzifumania nyavu, lala salama. Hakuna kamati iliyokaa kutunga "lala salama". Ni lugha ya kishairi kabisa, tena yenye kuimbika, na nadhani Sheikh Amri angeikubali.

Lakini ufundi huo wote tumeupa timu mbili za Kariakoo, na hadithi moja. Mtani kamfunga mtani, au kashindwa kumfunga. Kabla ya mechi kuna tambo, baada ya mechi kuna kejeli, wiki ijayo tunaanza upya. Ni hadithi nzuri, ina miaka mingi, Yanga ni ya 1935 na Simba ya 1936, na sina ugomvi nayo. Ninalolalamikia ni kwamba imekuwa kipimo cha hadithi zote. Timu ya mkoani ikitokea kwenye kurasa, inatokea kama mwenyeji wa Simba au kikwazo cha Yanga. Inaandikwa kwa lugha ya mgeni anayekuja kuitembelea. Msomaji anajua walivyosafiri Yanga, walikofikia Yanga, nani ana maumivu ya paja Yanga. Wenyeji wana sentensi moja: "wamejipanga kuwashangaza". Kila timu ndogo nchi hii imejipanga kushangaza kwa miaka hamsini, na maneno hayajabadilika.

Timu ndogo zimewahi kushangaza kweli. Tukuyu Stars ya Mbeya ilipanda Ligi Kuu na kuchukua ubingwa palepale, 1986. Coastal Union wakachukua 1988. Mseto ya Morogoro walishachukua kabla yao, 1975. Waulize wazee wa Tukuyu wakusimulie, utapata usiku mzima. Kisha nenda kwenye rafu yako ya vitabu uniambie umepata nini. Kwenye yangu kuna riwaya za siasa, za ndoa, za mji mkubwa unaomeza vijana, za ujamaa ulivyokwama. Hakuna hata moja ambayo mhusika wake mkuu ni timu iliyopanda.

Jambo la pili la lugha ni majina ya ligi zenyewe. Zamani tulikuwa na Ligi Daraja la Kwanza na Ligi Daraja la Pili. Neno daraja katika Kiswahili ni kivuko cha juu ya mto, ni cheo, ni hatua ya kupanda. Timu ikishuka daraja unaiona inashuka. Hapa Arusha tuna hata kata inaitwa Daraja Mbili, na utani wa mashabiki unajitunga wenyewe. Mwaka 2021 majina yakabadilishwa. Daraja la Kwanza likawa Championship. Daraja la Pili likawa First League. Soma tena polepole: ligi ya tatu kwa ukubwa nchini, iliyokuwa ikiitwa ya pili, sasa jina lake linasema ni ya kwanza, ila kwa Kiingereza.

Najua yalikotoka. Uingereza walifanya hivyo mwaka 2004, wakaigeuza daraja la pili kuwa Championship ili iuzike vizuri, na daraja la tatu likaitwa League One. Kwao ilikuwa biashara. Kwetu, nadhani, tumepoteza kitu ambacho fedha za udhamini hazijakirudisha. Neno daraja lilikuwa linasema ukweli: uko chini, na kuna njia ya kwenda juu. Championship inakwambia uko kwenye ubingwa tayari, kwa hiyo unalalamika nini? Mama yangu hawezi kutamka First League na hataki kujifunza. Bado anauliza, "Watoto wamepanda daraja au bado?" Mimi nasimama na mama.

Marekani hali ni kinyume, na inafundisha. Kule timu ya daraja la chini inaweza kushinda mechi zote na isipande MLS, kwa sababu mlango wa MLS haufunguliwi kwa pointi, unafunguliwa kwa fedha. Hakuna daraja, kuna ukuta. Lakini angalia kilichotokea Detroit. Detroit City ilianzishwa 2012 katika ngazi za chini kabisa. Mwaka 2016 mashabiki na majirani waliikopesha timu zaidi ya dola 700,000 kukarabati uwanja mkongwe wa Keyworth, kwenye mji unaoitwa Hamtramck. Unawezaje kumshawishi mtu aitolee fedha zake timu ambayo haiwezi kupanda? Fedha peke yake hazielezi. Watu wale walikuwa na nyimbo zao, mabango yao, maandishi yao. Walikuwa wameshajisimulia kwamba timu ni yao kabla hawajatoa senti. Wao wana ukuta na wameuandika mwanzo mwisho. Sisi tuna daraja lililo wazi, na halina maandishi.

Sasa nimlete kaka yangu, maana bila yeye haya yote yangekuwa maneno ya mtu aliyekaa jukwaani.

Kaka alicheza mpira. Si AFC wala Oljoro, ni timu ya mtaa iliyofika ligi ya mkoa na kukaa misimu michache. Leo ana duka la vipuri vya pikipiki na kitambi anachokilaumu kwa mkewe. Ana hadithi ya goli moja. Nimeisikia tangu nina miaka kumi na miwili, na kwa muda mrefu niliichukulia kama vile unavyochukulia sauti ya friji: ipo, huisikii. Mwaka jana nikaanza kuisikiliza kama mwanafunzi wa fasihi simulizi, yaani nikaanza kuandika kila anaposimulia.

Yako mambo yasiyobadilika kamwe. Kila mara anaanza, "Njumu zenyewe si zangu." Njumu aliazima kwa jirani, zilikuwa namba moja chini ya mguu wake. Kila mara anamaliza na refa anaangalia saa. Katikati kila kitu kinatembea. Nilipokuwa mdogo alipigia shuti kwenye kumi na nane. Nilipomaliza shule alikuwa ameshasogea mita ishirini na tano. Siku hizi anapigia karibu na duara la kati, na upepo kutoka Meru umeingia kwenye hadithi kusaidia. Kipa naye amekua: alianza kuwa kipa wa kawaida, sasa ni mtu aliyewahi kuitwa kufanya majaribio Ligi Kuu. Ukimsimulia mteja, goli linakuwa fupi na la kuchekesha. Ukimsimulia kijana anayecheza, linakuwa somo la kutulia na mpira. Mbele ya mkewe halisimuliwi kabisa, kwa sababu shemeji yupo kwenye kumbukumbu za siku ile na ana toleo lake.

Ukisoma vitabu vya nadharia utaambiwa hivi ndivyo hadithi za mdomo zinavyoishi: mwanzo na mwisho vimekaa, katikati fanani anaumba kufuatana na hadhira. Tunafundishwa hivyo kwa mifano ya sungura na fisi. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia nitaipata kwenye duka la vipuri.

Siku moja nikamuuliza kitu ambacho katika miaka yote sikuwahi kuuliza. "Kaka, baada ya goli ikawaje?"

Akaendelea kufuta kabureta. Nikadhani hajasikia.

"Tulihitaji mawili," akasema.

Hiyo ndiyo iliyokuwa mechi ya mwisho ya msimu. Goli moja lilikuwa sare, na sare haikutosha. Timu ikashuka. Mwaka uliofuata haikupata nauli ya mechi za ugenini, jezi zikabaki kwa mweka hazina, na ikawa basi. Hakuna aliyetangaza kwamba timu imekufa. Watu waliacha tu kwenda mazoezini. Refa anayeangalia saa mwishoni mwa hadithi, niliyekuwa namcheka tangu utotoni, alikuwa anaangalia kama muda umebaki wa goli la pili. Nilikuwa nimeisikia hadithi hiyo mara mia bila kujua ni hadithi ya kushindwa.

Nadhani hapa ndipo timu ndogo inapotofautiana na kubwa kama simulizi. Kwenye hadithi ya Kariakoo, kushindwa ni kwa muda, wiki ijayo utalipa kisasi. Kwenye daraja la chini kila mechi inaweza kuwa ya mwisho, na goli zuri kuliko yote maishani mwako linaweza kuwa goli lisilotosha. Sopu alipata lake mbele ya kamera na taifa zima linajua. Kaka alipata lake mbele ya watu labda mia moja, na ushahidi pekee uliobaki ni mdomo wake na picha moja ambayo ameziba macho kwa sababu ya jua. Siku atakaponyamaza, goli halikuwepo.

Kuna mtu ataniambia: acha hisia bana, timu za Arusha hazifi kwa kukosa mashairi, zinakufa kwa kukosa fedha. Ni kweli na siwezi kubisha. Timu za jeshi na za viwanda zinadumu kwa sababu kuna anayelipa mshahara na basi. Mtibwa Sugar walikuwa mabingwa 1999 na 2000, na nyuma yao kulikuwa na kiwanda, hapakuwa na diwani. Timu ya wananchi, ile isiyo na kambi wala shamba la miwa, inaishi kwa michango. Lakini hebu tujiulize michango inatoka wapi. Kijana wa Lemara ana mkeka wa kubeti mfukoni, na kwenye mkeka huo kuna timu ya daraja la pili Uturuki. Anajua wamefungwa mara ngapi ugenini. Jioni anakaa kibanda umiza analipa kiingilio kuangalia mechi ya nchi ambayo hatafika. Fedha anayo kidogo na muda anao mwingi. Kinachokosekana ni hadithi inayomwambia kwamba timu iliyo umbali wa nauli moja ya daladala inamhusu. Uturuki wameandikwa, kila pasi imehesabiwa. AFC haijaandikwa.

Na hii inaturudisha kwenye swali la Sheikh Amri na wapinzani wake: nani anaamua kipi kihesabiwe? Wanausasa walisema maisha ya mtu yasikataliwe kuwa shairi kwa sababu tu hayana vina. Wanamapokeo walisema kisichoimbika hakitakumbukwa. Mimi nikiwa jukwaani naona wote walikuwa na haki yao. Mechi ya daraja la chini haina vina, imekatikakatika, pasi inakwenda nje, mchezaji anagombana na muokota mipira. Lakini hali hiyohiyo isipopata wa kuiimba, inafutika. Tunahitaji jicho la upande mmoja na masikio ya upande wa pili.

Nina sababu ya kuyasema haya sasa. Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa AFCON 2027, na kwa ajili hiyo ukapangwa uwanja mpya huku kwetu, Olmoti, wa watu 30,000, wenye jina la Rais Samia Suluhu Hassan. Naufurahia, sitaki mtu anielewe vibaya. Nitaenda na jezi yangu. Lakini uwanja mpya ukishazoeleka, mechi kubwa zitahamia huko, na Sheikh Amri atabaki na timu ndogo tu, kama atabaki nazo. Mshairi na daraja la chini watatunzana au watasahaulika pamoja. Jina ambalo watu tayari hawalijui litakuwa jina la mahali ambapo watu hawaendi.

Ombi langu kwa wasomaji wa hapa si kubwa. Sisemi mtu aandike riwaya ya kurasa mia nne kuhusu AFC, ingawa akitokea nitainunua mbili. Nenda Jumamosi moja. Kaa karibu na mzee anayeguna. Muulize kuhusu timu iliyokuwepo kabla ya hii, kisha muulize swali ninalojuta kuchelewa kuliuliza, baada ya hapo ikawaje. Andika majina, andika nani aliazima njumu kwa nani. Huo ndio uhakiki wa kwanza, kuhakikisha kwamba kitu kilikuwepo.

Mimi nimeanza na kaka. Niliandika goli lake kwenye daftari, kurasa nne, nikajitahidi sana na sentensi zangu. Niliweka Mlima Meru, nikaweka mawingu, nikaweka mpaka "tulihitaji mawili" mwishoni kabisa, nikaona nimefanya kazi. Nikampelekea dukani, nikamsomea mteja akiwa anasubiri plagi. Kaka alisikiliza mpaka mwisho. Mteja alisema pole.

"Umeandika vizuri, dogo," kaka akasema. "Ila mwanzo umeruka. Hujasema njumu si zangu."

Nimerudi kuiandika upya.